Chenso ya kukatia kuni: mpya ya bei, mpya ya Kichina, au iliyokwisha tumika?

Mwaka juzi mimi na shemeji yangu tulinunua chenso, yaani msumeno wa injini, katika wiki moja. Yeye alichukua ya kampuni kubwa, jina silitaji kwa sababu kosa halikuwa la mashine. Mimi nilichukua ya Kichina, ile ya boksi lenye picha ya mzungu aliyevaa kofia ngumu, anacheka peke yake. Kwa hela aliyotoa yeye mimi ningebeba tatu. Ukoo mzima ulishajua nani atakuja kumwazima mwenzake. Ya shemeji ilinoki, injini ikakwama, kwenye tangi la nne. Ya kwangu iko uani hapa Isevya, Tabora, imefunikwa gunia, na keshokutwa inakwenda shamba.

Usikimbilie dukani na stori hiyo. Mashine ya shemeji ilikuwa bora kuliko yangu kwa kila kipimo, na nitaeleza kwa nini. Ila kati ya watu kumi wanaoniuliza "ninunue ipi", tisa wanauliza nguvu na bei, na sijaona hata mmoja aliyeniuliza nani atakayeichanganyia mafuta.

Kabla ya yote, unakata kuni za nini? Kama ni za kupikia nyumba ya watu sita, weka hela yako. Shoka zuri na msumeno wa mkono vinatosha, na mti mkubwa ukianguka mwite mwenye chenso, mpe petroli na ujira wake, asubuhi moja kazi imeisha. Watu wanasahau pia kwamba chenso haipasui. Inakata magogo vipande, kupasua ni shoka lilelile la babu. Mkaratusi ukiupasua ungali mbichi unafunguka kama karanga. Ukiuacha ukauke utajuta. Mwembe haupasuki vizuri wakati wowote, na hapa Tabora miembe ndiyo imejaa.

Sisi nyumbani tuna oveni ya udongo ya mikate, ya mke wangu, na mikaratusi kidogo upande wa Itetemia. Tunakata kila baada ya wiki mbili, labda matangi matatu kwa siku. Huo ndio ukubwa wa kazi ninaouzungumzia. Mkulima wa tumbaku ya mvuke kule Urambo, Kaliua au Sikonge yuko daraja lingine: bani, lile banda la kukaushia tumbaku, likishajazwa moto hauzimwi usiku wala mchana kwa karibu wiki nzima, na kuni zake lazima ziwe zimekatwa na kukauka kabla msimu haujaanza. Huyo anahitaji mashine kubwa zaidi, na shamba lake la miti.

Na kama wazo lako ni kununua chenso uuzie kuni shule na vyuo, fikiri mara mbili. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zimeshatakiwa ziachane na kuni na mkaa, na mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wamehama ifikapo 2034. Soko hilo linasinyaa, usiliingie kwa mkopo.

Mpya ya kampuni kubwa na mpya ya Kichina

Kwa kazi ya ukubwa wangu mashine zinazoshindana ni za cc 45 hadi 58. Upande wa makampuni makubwa mfano mzuri ni Stihl MS 250: cc 45.4, nguvu kilowati 2.3, uzito kilo 4.6 bila baa na cheni. (Baa ndivyo mafundi wanavyoita ule upanga wa chuma ambao cheni inauzunguka.) Husqvarna nao wana za saizi hiyo. Stihl ni Wajerumani, wameanza 1926. Husqvarna wa Sweden walianza 1689 wakitengeneza bunduki, kwa hiyo chuma wanakijua tangu zamani. Upande wa Kichina namba ya ubavuni ndiyo maelezo: 5200 maana yake cc 52, 5800 ni cc 58.

Kwenye karatasi Mchina anashinda. Kwenye gogo, inategemea gogo. Tukikata mkaratusi mbichi wa unene wa paja, sikuona tofauti ya maana kati ya yangu na ya shemeji siku zile nne ilizoishi. Tulipofika kwenye mti wa mtundu, mkavu, ulioanguka mpakani mwa shamba, tofauti ikaonekana. Ya kwake iliingia kwa sauti ileile moja mpaka chini. Yangu iliingia, ikashuka sauti, nikalegeza, ikapanda, nikabana tena. Gogo lilikatika, lakini mmoja alikuwa anakata na mwingine anabembeleza.

Mikononi ndiko hela inakoonekana zaidi. Mashine ya bei ina springi na mipira inayotenga mishikio na injini, ukimaliza tangi vidole bado ni vyako. Yangu inayo mipira pia, sema ni ya kutimiza wajibu. Baada ya tangi la tatu nikishika kikombe cha chai kinacheza. Mtu anayekata kila siku asilichukulie kama mzaha, mtetemo unaua hisia za vidole polepole na hazirudi zote.

Kuwaka asubuhi ya Julai, kwenye baridi: ya bei, choki, vuta tatu, imewaka. Yangu, vuta saba, matusi mawili, imewaka.

Spea ndizo zinazogeuza meza. Kamba ya kuwashia, plagi, klachi, kabureta nzima, bomba la mafuta, vyote vya 5200 utavipata madukani hapahapa mjini, na fundi wa pikipiki anavifunga huku anaongea na simu. Nimeshabadilisha kamba mara mbili na bomba la mafuta mara moja. Kila mara nilitembea kwa miguu kwenda kununua. Spea halisi za mashine ya bei zinaweza kukupeleka Mwanza au Dar, au ukaletewa "zinazoingiliana", na hapo umenunua farasi ukamfunga kwato za punda. Kabla hujalipia, muulize muuzaji akuonyeshe pistoni na kabureta ya mashine hiyo rafuni. Asije akakuambia "zipo, tunaagiza". Azitoe.

Kuna balaa jingine, nalo ni feki. Mashine yenye rangi na jina la kampuni kubwa lakini bei yake iko katikati, si ya Kichina si ya kweli, ikimbie. Unalipa jina, unapata Mchina asiye na jina lake mwenyewe. Nunua kwa wakala anayetambuliwa na kampuni, upewe risiti, namba iliyogongwa kwenye mwili wa mashine iandikwe kwenye risiti hiyo, na kitabu cha maelekezo kiwemo. Kwangu mimi 5200 inayojitambulisha kuwa 5200 ina heshima kuliko hiyo.

Urefu wa baa unawapoteza wengi. Muuzaji atakusifia inchi 22. Kwa cc 52 ni ndefu mno: injini inaburuta meno mengi, na jioni wewe ndiye unayenoa meno hayo yote. Inchi 16 au 18 inakata gogo lolote utakalolibeba kwa mkokoteni. Angalia pia maandishi kwenye baa. Cheni ya .325 inanolewa kwa tupa ya milimita 4.8, ya 3/8 ya kawaida inataka 5.2. Tupa moja ya kila kazi ndiyo inayofanya watu waseme cheni za siku hizi mbovu.

Iliyotumika

Hapa nitakuwa mfupi, kwa sababu naipendekeza kwa mtu mmoja tu: mwenye fundi wa kuaminika anayekwenda naye. Zinazozunguka sana ni zile kubwa za wapasua mbao, kama Stihl 070 ya cc 106. Ni mnyama kweli. Ina uzito wa zaidi ya kilo 10 kabla hujaifunga baa, haina springi za mtetemo, na nyingi hazina breki ya cheni. Kuikatia kuni za oveni ni kuchinja kuku kwa panga la mkonge.

Ukipata ndogo iliyotumika, fika bila taarifa na uishike. Ikiwa ya moto, kuna mtu amehangaika kuiwasha kabla yako. Ikiwa baridi, iinue kwa kushika kishikio cha kamba ya kuwashia: mashine nzima ining'inie na ishuke kidogokidogo, kwa kusita. Ikidondoka kama ndoo kisimani, mgandamizo umekwisha. Kisha mwombe akubali kufungua eksozi, boliti mbili au tatu tu, umulike pistoni. Akikataa, msalimie na uondoke.

Matangi ya kwanza

Siku ya tangi la nne tulikuwa wote shambani. Sauti ndiyo iliyoanza kubadilika. Chenso nzima inaunguruma nene. Ile ikaanza kulia kama mbu, ikapanda, ikapanda zaidi, halafu kimya. Shemeji akavuta kamba, haiji. Akakanyaga mpini, akavuta kwa mikono miwili, kamba imesimama kama imefungwa kwenye mwembe. Fundi wetu wa Gongoni alipofungua eksozi alitumulikia kwa tochi ya simu: ubavu wa pistoni ulikuwa na michirizi ya wima kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga.

"Oili mlipimia nini, kaka?"

"Macho."

Fundi akazima tochi.

Chenso haina oili yake ndani kama bodaboda. Oili yote inayoilainisha pistoni inakuja ndani ya petroli, kwa hiyo ukikosea mchanganyiko umekosea kila kitu. Oili iwe ya 2T, ile ya injini za mipigo miwili. Ya bodaboda haifai hata kidogo, imetengenezwa kwa kazi nyingine. Kiasi fuata kitabu chako. Stihl kwa oili yao wanataka 1 kwa 50, yaani mililita 20 kwa kila lita ya petroli. Mashine nyingi za Kichina zinataka 1 kwa 25, mililita 40 kwa lita. Umeona hatari ilipo? Ukichukua kipimo cha mwenye mashine ya bei ukakiweka kwenye ya Kichina, umeipa nusu ya chakula chake.

Mke wangu ndiye aliyeokoa ya kwangu. Oveni ni yake na hakutaka mchezo. Alinunua sirinji ya mililita 20 duka la dawa, akaifungia uzi kwenye dumu la lita tano, na yeye ndiye anayechanganya: sirinji kumi kwa lita tano, anahesabu kwa sauti kama anayepima unga. Petroli nusu kwanza, oili, tikisa, petroli iliyobaki, tikisa tena. Petroli inatoka kituoni, siyo ya chupa za pembeni mwa barabara ambazo hujui zimekaa juani tangu lini. Mchanganyiko ukipita mwezi haurudi kwenye chenso.

Kuizoesha sasa. Cheni mpya niliiloweka usiku kucha kwenye oili ya cheni, ndani ya kopo la rangi. Asubuhi niliifunga na kuikaza mpaka ikagusa chini ya baa bila kuning'inia, lakini naweza kuizungusha kwa vidole nikiwa na glavu. Cheni mpya inarefuka mapema, kwa hiyo siku ya kwanza nilisimama kuikaza baada ya kila dakika chache, mashine ikiwa imezimwa. Jioni ilegeze. Ikipoa ikiwa imebana inavuta shafti ya injini, na huo ni ugonjwa usioonekana mpaka umekomaa.

Kabla ya kugusa gogo, elekeza ncha ya baa juu ya kisiki cheupe au kipande cha boksi, bonyeza mafuta kidogo. Uone mstari wa oili umejichora. Usipouona, pampu ya oili ya cheni haifanyi kazi au tundu limeziba, usikate. Kwenye mashine za bei mstari huu unakuja wenyewe. Yangu ilitoka kiwandani tundu limezibwa na chembe za rangi, nikalizibua kwa pini. Oili chafu ya gari watu wengi wanaitumia hapa. Mimi siiweki: ina vumbi la chuma linalokula baa, na inakurukia usoni siku nzima.

Stihl wanasema mashine mpya isipigwe resi ya mwisho bila mzigo kwa matangi matatu ya mwanzo, na nguvu yake kamili inafika baada ya matangi 5 hadi 15. Husqvarna wanataka usiiendeshe mbio kwa muda mrefu katika saa 10 za kwanza. Maneno mawili, dawa moja: ringi na silinda zinahitaji muda kuzoeana. Kwa hiyo mimi matangi matatu ya kwanza nilikatia matawi ya mjohoro na mwembe, unene wa mkono hadi wa mguu. Ikiwa ndani ya mti bonyeza mafuta ifanye kazi, ikitoka achia. Ile tabia ya vijana ya kupiga resi hewani ili jirani wajue chenso imeingia mtaani, ndiyo inayoua mashine changa. Na kabla ya kuzima iache iungurume sailensa, bila kubonyeza mafuta, nusu dakika hivi, hewa ya feni ipunguze joto. Shemeji alikuwa anazima kwa ghafla kila anapopigiwa simu, na anapigiwa sana.

Baada ya tangi la kwanza nilipita na spana boliti zote. Za eksozi mbili zilishaanza kulegea. Kwa ya Kichina hilo ni la lazima. Ya shemeji hatukukuta hata moja.

Vumbi la kwetu nalo lina habari yake. Kiangazi, kuanzia Juni mpaka mvua za Novemba, chujio la hewa linajaa kwa siku moja, lipigepige na brashi kavu kila jioni. Na mchwa: gogo lililolala chini mara nyingi lina udongo ndani, hata kama gome linang'aa. Meno yakikutana na udongo huo sekunde tatu tu, cheni imekuwa butu kama kisu cha kukatia sabuni. Utaijua kwa unga. Cheni kali inatoa vipande kama mahindi ya kukoboa, butu inatoa vumbi la unga. Ukiona unga, simama unoe. Ukiendelea kusukuma unaichosha injini changa, na matangi yako ya kwanza yanapotea bure.

Viatu, tafadhali. Nimeona mtu anakata kwa kandambili pembeni mwa barabara ya Tumbi. Buti, suruali nzito, miwani, kitu cha masikio. Ncha ya juu ya baa isiguse kitu, ndiko mashine inakorukia usoni. Iwashe ikiwa chini, mguu umepita kwenye mpini wa nyuma, breki ya cheni imefungwa, na usikate peke yako shambani.

Kabla ya kuingia porini pitia ofisi ya misitu ya wilaya. Sheria ya Misitu ya 2002 haikuruhusu kukata kwenye hifadhi bila kibali, na kuni zikipanda barabarani zinataka hati ya kusafirishia. Uliza pia taratibu za kumiliki chenso yenyewe, na utembee na risiti ya dukani. Mwenye mashine ya Kichina ya bei rahisi mara nyingi ndiye asiye na risiti.

Shemeji alibadilisha pistoni na silinda. Ilichukua mwezi na nusu kupata za kweli, na wakati huo alikuwa anakata na yangu. Sasa ya kwake inafanya kazi vizuri kuliko yangu, kama ilivyotakiwa tangu mwanzo, na sirinji amenunua. Mimi hii ikifa nitachukua ya cc 45 ya kampuni kubwa, kwa sababu vidole vyangu vinazeeka na mchanganyaji wa mafuta ninaye tayari. Kama huna mtu wa namna hiyo nyumbani, chukua 5200, ukosee kwenye mashine ya bei ndogo.

Mvua zikianza naimwaga tangi, naiwasha mpaka ijizime yenyewe kabureta ikauke, nachomoa plagi, natia matone machache ya oili ya 2T, navuta kamba polepole mara mbili, narudisha plagi. Gunia juu, nayo inakaa chini ya uvungu mpaka njia ya Itetemia ipitike tena.